Kushindana kwenye njia mpya: mwongozo wa mbio za baiskeli za milimani

Watu wengi wakisikia kwamba mbio zitafanyika kwenye njia iliyokatwa juzi, huhesabu miguu tu: nani ana mazoezi, nani amepanda vilima vya Ngong mara nyingi mwaka huu. Njia mpya haitaki miguu peke yake. Kwenye njia kuukuu za msitu wa Karura, jijini Nairobi, mwenyeji anajua kila mzizi na kila kona, na mgeni mwenye nguvu kumzidi anaweza kubaki nyuma yake asubuhi nzima. Mahali ambapo jembe limetoka jana hakuna mwenyeji. Anayejifunza haraka ndiye anayetangulia, na kujifunza huko kuna hatua zake.

Weka hili akilini tangu mwanzo: udongo wa njia mpya haujashikamana. Njia utakayoikagua Jumamosi siyo utakayoikuta Jumapili raundi ya mwisho, baada ya mamia ya magurudumu kupita. Kona itakuwa imechimbika, mzizi uliokuwa umefunikwa utakuwa nje, na mahali ambapo kila mtu anabana breki patakuwa na vituta mfululizo. Kwa hiyo jiandae kwa njia itakayobadilika. Ninaandika nikifikiria nyanda za juu za Kenya, kuanzia Nairobi na Limuru hadi Naivasha, lakini mtu wa Arusha au Lushoto ataona mengi yanamhusu.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kulipa

Tangazo la mbio huwa na picha nzuri na maelezo machache, kwa hiyo piga simu. Uliza raundi moja ni kilomita ngapi na inapanda mita ngapi kwa jumla. Raundi ya kilomita 5 yenye mita 200 za kupanda ni kazi nyingine kabisa ukilinganisha na kilomita 5 za tambarare. Mbio za baiskeli za krosikantri, yaani za raundi kwenye njia za milimani, zilizoingia Olimpiki mwaka 1996 mjini Atlanta, kwa kawaida huwa na raundi ya kilomita 4 hadi 6, na washindi wa kimataifa hutumia kama saa moja na nusu. Ukiambiwa raundi ni sita na wewe bado unaanza, fanya hesabu ya muda wako mwenyewe kabla ya kutuma pesa.

Uliza pia anayeachwa mbali anafanywaje. Kanuni ya UCI, shirikisho la baiskeli duniani, ni kwamba anayeachwa kwa asilimia 80 ya muda ambao kiongozi alitumia raundi ya kwanza huondolewa. Kiongozi akimaliza raundi hiyo kwa dakika 15, basi ukiachwa dakika 12 umetoka. Baadhi ya waandaaji huifuata, wengine humwacha kila mtu amalize raundi aliyomo. Ni vizuri kujua mapema, maana namna ya kugawa nguvu inabadilika.

Halafu jiandikishe kwenye kundi lako la kweli. Ukiingia kundi la wanaoanza na kuendesha raundi mbili kwa akili, utajifunza zaidi kuliko kusukuma baiskeli raundi tano nyuma ya wazoefu. Hakikisha kuna huduma ya kwanza, na uulize kama ada ya kuingia msituni imo ndani ya malipo au la.

La mwisho kuuliza ni siku ambayo njia itafunguliwa kwa mazoezi. Usiingie kabla ya siku hiyo. Njia inayoendelea kujengwa ikipitiwa mbichi hupata mifereji ambayo wajenzi watalazimika kuichimba upya. Isitoshe, misitu inayopakana na Aberdare bado ina ndovu na nyati, na waandaaji hupanga na walinzi wa msitu siku za watu kuingia.

Hatua ya 2: Usome udongo

Hapa ndipo wengi hupoteza mbio kabla ya kufika, kwa sababu huandaa baiskeli moja kwa kila mahali.

Kiambu, Limuru na pembezoni mwa mashamba ya chai utakuta udongo mwekundu. Ukiwa mkavu na umekanyagwa, unashika tairi vizuri sana. Ukinyeshewa, tabaka la juu linakuwa sabuni huku chini kukiwa bado kugumu. Maji hayazami haraka, na tairi linaelea juu ya utelezi huo. Njia mpya inakuongezea tatizo lingine: udongo uliochimbuliwa kutengeneza kingo za kona haujakauka ndani. Juu unaonekana imara, ukiuegemea unamomonyoka.

Upande wa Athi na Kitengela kuna ule udongo mweusi wa pamba. Mvua ikinyesha, usidhani utashindana nao. Unajaa kwenye fremu, unafunga magurudumu, na baiskeli ya kilo 13 inakuwa mzigo wa kubeba begani. Mbio zikipangwa huko kati ya Machi na Mei au Oktoba na Desemba, angalia utabiri wa hali ya hewa kila siku, na ubebe kijiti kifupi kigumu cha kukwangua matope.

Naivasha, kuelekea Longonot na Hell's Gate, ardhi ni majivu ya volkano. Vumbi lake ni laini kama unga, na njia mpya ikipitiwa na watu wengi vumbi hilo hukusanyika kwenye kona hadi likafunika rimu. Huko gurudumu la mbele huzama na kukutupa. Utakuta pia miiba ya migunga, na miiba hiyo haijali bei ya tairi lako.

Kwenye mashamba ya mikaratusi, magome yaliyobanduka hulala njiani, na yakilowa yanateleza kuliko jiwe. Kwenye misonobari, majani yake makavu huficha mashimo. Mahali ambapo vichaka vimekatwa kwa panga, tafuta visiki vifupi vilivyochongoka kwa mshazari. Hivyo ndivyo vinavyopasua ubavu wa tairi, na kwenye njia mpya havijapata muda wa kuoza wala kung'olewa.

Hatua ya 3: Andaa baiskeli siku tatu kabla

Usimpelekee fundi baiskeli usiku wa kuamkia mbio. Kitu kilichobadilishwa kinahitaji kuendeshwa kidogo ili kasoro yake ijitokeze. Cheni mpya kwenye gia zilizokwisha huruka meno, na hutaki kuligundua hilo ukiwa umesimama juu ya pedeli mlimani.

Anza na breki. Kama ni za diski, angalia unene wa pedi na uhakikishe hakuna mafuta yaliyogusa diski. Ipanguse kwa spiriti na kitambaa safi. Kama ni zile za kubana rimu, nunua raba mpya na ubebe jozi nyingine, kwa sababu matope yenye mchanga wa volkano huzila kwa siku moja. Mkono wa breki ukivutika hadi kugusa usukani, mwambie fundi aishughulikie kabla ya kitu kingine chochote.

Tairi ndilo linaloamua zaidi. Kwa mtu wa kilo 70 kwenye tairi la upana wa inchi 2.25, anza na psi 30 hivi (psi ni kipimo cha upepo wa tairi) kama unatumia tyubu, ya nyuma ikizidi ya mbele kidogo. Kama hutumii tyubu na umeweka maji ya kuziba pancha, unaweza kushuka hadi psi 22 au 24. Upepo mwingi hufanya tairi lirukeruke juu ya mizizi. Ukipunguza kupita kiasi, rimu inagonga jiwe na tyubu inachanika sehemu mbili sambamba. Usichukue namba zangu kama amri. Siku ya ukaguzi beba pampu yenye kipimo, pita sehemu moja mara tatu kwa upepo tofauti, na uandike iliyokufaa.

Baiskeli kuukuu ya mtumba yenye gia tatu mbele inatosha kabisa kwa mbio za hapa kwetu, mradi gia nyepesi kuliko zote inaingia bila kusitasita. Mlima wa udongo laini unadai gia nyepesi kuliko mlima wa udongo mgumu wenye mwinuko uleule.

Mfukoni au chini ya kiti weka tyubu moja, pampu ndogo, vijiti vya kutolea tairi, spana za L, kifaa cha kukatia cheni na kiungo kimoja cha kuungia. Jizoeze kubadilisha tyubu nyumbani hadi mikono ifanye bila kufikiri. Kofia ngumu ni lazima, na kama ilishawahi kugonga chini kwa nguvu, nunua nyingine hata kama haionyeshi ufa. Glavu za vidole vizima zitakuokoa kwenye thabai, mimea inayowasha ukiigusa, zinazoegemea njia, nazo ni nyingi kwenye misitu ya baridi.

Hatua ya 4: Kagua njia

Ukiwa na muda wa kufanya jambo moja tu katika mwongozo huu, fanya hili.

Raundi ya kwanza ya ukaguzi itembee kwa miguu, au endesha polepole kiasi cha kuongea bila kuhema. Usijaribu chochote. Unatafuta picha nzima: wapi inapanda, wapi inashuka, wapi kuna upana wa kumpita mtu, na wapi njia inabana. Angalia hasa umbali kutoka mstari wa kuanzia hadi pale njia inapokuwa ya mtu mmoja. Kama ni mita 300 tu, foleni itatokea hapo, na nafasi utakayoingia nayo itakaa nawe muda mrefu.

Raundi ya pili simama kwenye kila sehemu ngumu. Shuka, rudi nyuma hatua thelathini, uitazame kama utakavyoijia kwa kasi. Kisha shuka hadi chini na uitazame kutoka huko kwenda juu. Mtu akitazama mteremko kutoka juu huona hatari. Akiutazama kutoka chini huona nafasi za kupita. Kwa kila sehemu chagua pito mbili. Pito la kwanza ni lile la haraka, ambalo kila mtu atalitumia. La pili ni lile ambalo leo linaonekana refu au la kijinga, kwa kawaida upande wa nje, juu ya nyasi au udongo ambao haujaguswa. Kwenye njia mpya pito la kwanza litaharibika. Kufikia raundi ya tatu ya mbio, lile la pili huenda ndilo pekee linalokushika, na wewe utakuwa tayari unalijua wakati wenzako wanang'ang'ana mferejini.

Jaribu udongo kwa kisigino. Piga teke ukingo wa kona: ukimeguka, usipange kuuegemea. Chunguza mahali maji yatakapopita ikinyesha usiku, maana njia mpya mara nyingi haijachimbiwa mifereji ya kutosha, na maji yatafuata njia yenyewe. Gusa madaraja ya mbao. Mbao mbichi ikilowa ni hatari. Panda kwa gurudumu lililonyooka, bila breki na bila kukata kona juu yake.

Weka alama za akili. Usiseme "kona ya kumi na moja", hutaikumbuka ukiwa hoi. Sema "mti uliopinda, kisha gia nyepesi", au "jiwe jeupe, kisha breki". Breki inabanwa kabla ya kona, kwa hiyo tafuta kitu kilichosimama kabla ya kila kona kali ambacho kitakuambia: hapa. Kitu hicho kiwe mti au jiwe. Utepe wa waandaaji unaweza kukatwa na ng'ombe, tumbili au upepo.

Ndiyo maana njia panda nazo uzikariri. Njia mpya hukatiza vijia vya wanaokata kuni na wachungaji, na wakati mwingine kijia cha mchungaji kinaonekana njia halali kuliko njia yenyewe. Kumfuata aliye mbele bila kujua mwenyewe ni kumkabidhi mbio zako.

Raundi ya tatu endesha kwa kasi ya mbio, lakini vipande tu: mteremko mgumu, pumzika, kisha mlima mrefu. Usiendeshe raundi nzima kwa nguvu zote siku moja kabla. Tafuta pia sehemu mbili ambapo unaweza kuachia usukani mkono mmoja na kunywa maji. Kwenye njia za msituni sehemu hizo ni chache, na asiyezitafuta mapema hunywa akiwa amechelewa.

Hatua ya 5: Mazoezi ya wiki za mwisho

Hapa nitapita haraka, kwani mazoezi ni ya miezi. Wiki tatu kabla, mara moja kwa wiki, fanya mazoezi ya kuanza: dakika moja ya nguvu zote, kisha dakika tano za mwendo mgumu unaoweza kuuhimili, pumzika, rudia mara nne. Wiki ya mwisho punguza muda kwa nusu ila usiache kabisa kugusa kasi. Anayetoka Mombasa kwenda kushindana Limuru, yapata mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ajue hewa ni nyepesi huko. Aanze taratibu kuliko anavyozoea, vinginevyo dakika ya kumi itamdai.

Hatua ya 6: Kula na kunywa

Saa tatu kabla ya mbio kula chakula ulichozoea: uji mzito na viazi vitamu, au chapati na chai. Siku ya mbio usijaribu kitu kigeni. Mbio zikizidi saa moja, mwili unataka gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi moja ya wastani inakupa kama 25. Tende zinafaa sana kwa kuwa hazipondeki mfukoni. Zitoe mbegu nyumbani na uzifunge mbilimbili. Ukipenda kinywaji, changanya glukosi na chumvi kidogo kwenye maji, ukipime mazoezini kwanza.

Maji, nusu lita kwa saa ni mwanzo mzuri, zaidi kukiwa na jua la Naivasha. Kwenye matope mdomo wa chupa hujaa uchafu, na kwenye misitu yenye mifugo uchafu huo una kinyesi. Chupa yenye kifuniko juu ya mdomo, au mfuko wa maji wa mgongoni, utakuepusha na kuumwa tumbo.

Hatua ya 7: Mbio zenyewe

Fika mapema uchukue namba, kisha uende kutazama kipande cha kwanza cha njia tena. Kama usiku ulinyesha, ulichokiona jana hakipo. Punguza upepo wa tairi psi 2 na ubadili mipango ya kona. Pasha mwili moto dakika 20, ukimalizia na miruko michache ya kasi.

Kwenye mstari, weka gia ya katikati. Ukianza na gia nzito unapoteza mita kumi za kwanza. Toka kwa nguvu hadi njia inapobana, kisha tulia. Wengi huendelea kukimbia kama pale mstari wa kuanzia, na mlima wa kwanza huwakusanya wote.

Raundi ya kwanza, kaa umbali wa baiskeli mbili nyuma ya aliye mbele kwenye miteremko. Akianguka, unahitaji nafasi ya kuamua. Na umtazame: gurudumu lake linakuonyesha mahali udongo ulipolegea. Bana breki kabla ya kona, kisha achia ndani ya kona; anayebana akiwa ameinama kwenye udongo mbichi huanguka. Pedeli ziwe sawasawa, macho yatazame unakotaka kwenda. Mlimani penye utelezi, kaa kitini, sogea mbele kidogo, inamisha kifua, zungusha kwa ulaini. Ukisimama, tairi la nyuma linazunguka bure. Gurudumu likianza kuzunguka bure mara mbili mahali palepale, shuka ukimbie na baiskeli. Hatua kumi za kukimbia ni za haraka kuliko kuhangaika.

Kila raundi ichukulie kuwa ukaguzi mpya. Ukipita mahali pameharibika, jiambie palepale: raundi ijayo pito la pili. Nao walio mbele yako wanaendelea kuingia kwenye mfereji uleule kwa mazoea, na hapo ndipo unapowakuta.

Kumpita mtu, sema mapema na kwa sauti: "Napita kushoto, ukipata nafasi." Usimsukume kwenye visiki. Ukiwa wewe ndiye unayezungukwa, yaani unapitwa na walio raundi moja mbele, shika mwendo wako, ujibane upande mmoja penye upana, usisimame ghafla. Na ukimkuta mtu amelala chini hajibu, mbio zako zimeisha hapo. Simama, usimsogeze shingo, mtume anayefuata kwa mlinzi wa njia aliye karibu.

Ukianguka mwenyewe, inuka polepole. Angalia usukani umenyooka, breki zinafanya kazi, gurudumu linazunguka. Kichwa kikiuma, ukiona mbili au ukijisikia kutapika, toka kwenye mbio na umweleze mtu wa huduma ya kwanza, hata kama zimebaki mita mia tano.

Hatua ya 8: Saa na siku zinazofuata

Osha baiskeli kwa maji ya ndoo na brashi; mashine ya maji ya nguvu husukuma tope ndani ya beringi. Kausha cheni, paka mafuta, ukague ubavu wa tairi kwa vidole kutafuta mikato.

Kisha mtafute mratibu kabla hajaondoka. Mwambie kwa usahihi: kisiki kiko wapi, kona gani imemeguka, daraja lipi linateleza, njia panda ipi watu walipotea. Njia mpya hurekebishwa vizuri na taarifa za siku ya kwanza. Msitu wa Karura ulisalia msitu kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walisimama mbele ya wanyakuzi mwaka 1999, na kuna raha kubwa kupita kwenye njia ambayo watu wanaijali hivyo.

Ukitaka kushindana hapo tena, nenda siku ya ukarabati na jembe lako. Ifanyike siku mbili tatu baada ya mvua, udongo ukiwa na unyevu wa kushikana ukiufinya kiganjani bila kuchuruzika maji. Sawazisha vituta vya breki kwa kukwangua hadi chini kabisa ya mashimo yake. Kuyajaza juujuu hakusaidii, udongo huo hutoka na gurudumu la kwanza. Jenga upya kingo kwa tabaka nyembamba, kila tabaka ikishindiliwa kwa mgongo wa koleo kabla ya inayofuata, na uchimbe mfereji wa kutolea maji upande wa chini kabla ya kila kona iliyomeguka. Baada ya hapo iacheni wiki nzima bila kupitwa.